Picha ya Makabidhiano

Katika picha ile Shaima amekumbatia pakiti ya pedi, macho chini, na mkono wangu uko begani mwake ukimsogeza mbele. Klabu yetu ya akina mama wa Bunju haijui kutoa hata sindano bila picha: vitenge vya sare, bango, mabinti wafupi mstari wa kwanza. Mimi ndiye niliyewapanga. Mimi ndiye niliyeirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, nikasifiwa mpaka nikavimba kichwa.

Siku ya nne mwalimu wa mabinti wale akanipigia simu. Baba yake Shaima, mzee Zahor mwenye duka, ameiona picha na kumzuia binti asitoke ndani. Na Jumatatu mtihani wa kidato cha pili unaanza.

Jumamosi nzima nyumba haikukalika. Niliinjika chai ikakauka jikoni. Niliifuta picha kila mahali, kana kwamba walioiona wangeisahau. Mwishowe nikajitanda khanga, nikaenda.

Duka limejaa mpaka darini, na nyuma ya mzee Zahor, rafu nzima ya pedi. Nikamwamkia.

"Umekuja kupiga picha nyingine?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee wangu. Nimekukosea. Ila mtihani usimpite mtoto."

"Mmenidhalilisha, mama. Mtaa mzima wanasema Zahor anawauzia watoto wa watu, wa kwake anaombaomba. Alikosa nini humu?"

Kwenye orodha yetu tuliandika "mabinti wenye uhitaji", na uhitaji sisi tuliujua kwa sura moja tu, ya umaskini.

Pazia la mlango wa ndani likasogea. Shaima akasimama hapo, macho mekundu.

"Shikamoo, mama," akaniamkia, kisha akamgeukia baba yake. "Sikukosa kitu, baba. Nilishindwa kukuomba. Tangu mama afariki nachana mashuka."

"Mashuka?"

Shaima akatikisa kichwa kukubali. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wakisubiri sukari.

Mzee Zahor akachukua pakiti moja rafuni. Kwa mazoea akavuta gazeti la kuifungia, mkono ukasita juu yake, akaliacha. Akaiweka pakiti mezani vilevile ilivyo. Miaka ishirini ameziuza.

"Moja inatosha siku ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Shaima akafuta macho, akaanza kumweleza.