Mwanakondoo wa Zizi la Gontroda

Sista Ilduara alikuwa akipasua mayai, apate kiini cha kuchanganyia rangi ya manjano, wakati mwanakondoo aliyemchora jana aliposhuka kutoka ukurasani, akajinyoosha, akatoka nje. Ilduara alimwita. Hakugeuka. Kitabuni malaika wenye tarumbeta na wazee wenye vinubi walibaki wakikizunguka kiti cha enzi kitupu.

Akamfuata. Mwanakondoo, na pembe zake saba, aliteremka bondeni moja kwa moja hadi kwa Gontroda, mjane, mama mdogo wa Ilduara, aliyekuwa akipepeta mtama.

“Huyu mtoto wa kondoo wangu Kishungi,” Gontroda alisema, akimpapasa shingo. “Mwendo ni ule ule.”

Majira ya baridi yaliyopita Abati Froila, mkuu wa monasteri, alikuwa ametuma watu wakamchukulia Gontroda kondoo wake wote. Kitabu hicho cha mwisho wa dunia kilitaka ngozi nyingi za kutengenezea kurasa, na kwa kuwa dunia yenyewe inaisha, alisema, mjane kondoo wa nini? Ilduara ndiye aliyechagua ngozi. Alichukua zilizokuwa nyeupe kuliko zote, akijua zimetoka zizi gani, akanyamaza.

“Mama mdogo, ningeweza kumwambia abati.”

“Ungeweza. Nilikungoja wewe, mwanangu, si kondoo. Kaa, unywe uji.”

Gontroda alimkata mwanakondoo sufu kidogo, akajaribu kuisokota. Ikamvunjikia vidoleni, ikawa vumbi la dhahabu. Akajifuta kwenye aproni, akarudi kwenye ungo wake.

Jioni mwanakondoo alirudi mwenyewe ukurasani. Asubuhi akaondoka tena, na kila asubuhi iliyofuata. Mwishowe Ilduara alimwendea abati, akamkuta bustanini akipanda mizabibu.

“Baba, mwanakondoo anashinda kwa Gontroda.”

“Kulala analala kitabuni?”

“Ndiyo, Baba.”

“Basi wageni tutawaonyesha kitabu jioni.”

“Gontroda hana hata kondoo mmoja, Baba. Sasa hivi anaishi kwa uji wa mtama.”

“Tutamwombea.” Abati alipiga magoti kando ya shimo. “Hii itaanza kuzaa vizuri baada ya miaka minne, mitano hivi. Hebu nishikie huu mche usiende upande, binti yangu.”

Ilduara alikuwa na maneno mengine, aliyoyapanga njia nzima. Akainama, akaushika mche wima, abati akafukia mizizi.