Chupa Tano za Shangazi Hindu

Raihana aliinusa chupa ya kwanza, akapiga ukelele. "Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimezifukiza ubani," alijibu shangazi Hindu, wala hana habari. "Chombo chataka kufukizwa. Mtungi wangu umeuona lini na utelezi? Nimefika ya tano, ubani ukaniishia."

Lo! Mtu kazichemsha chupa zake kumi nyumbani Takaungu, kwa kuwa maabara kule Kilifi maji yamekatika, kisha anatiliwa moshi! Na kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Miezi mitatu Raihana alitafuta jani la kuwazuia bakteria wasiitane. Maana viumbe hao mmoja mmoja hawana neno. Wakishapashana habari wakajijua ni wengi, ndipo wanapojenga utando wao wa utelezi. Aina aliyopewa yeye, wakiitana hugeuka zambarau. Na kila jani alilojaribu, zambarau tupu. Daktari Kalume, msimamizi wake, alishamwambia: hili la mwisho likishindwa, utafiti unafungwa.

Raihana aliondoka amenuna, hata kuaga hakuaga. Maabarani akatia bakteria na maji ya jani katika chupa tano safi. Zile za moshi akazitia bakteria bila jani, kwa hasira tu, aone zitaharibika vipi.

Asubuhi, chupa za jani zilikuwa zambarau kama biringani. Za moshi hazikuwa na rangi hata chembe.

"Wamekufa," alijiambia. Akaweka tone chini ya hadubini. Wapi! Walikuwa wazima wa afya, wengi kama siku zote, wanachezacheza. Raihana akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Daktari Kalume alichungulia mara tatu. "Turudie mara nyingi kabla hatujatamba," alisema, na tabasamu limemshinda. "Lakini hatufungi. Nani aliyetayarisha chupa hizi?"

Angeweza kusema ni yeye. Akasema kweli. "Shangazi yangu. Nami nikamnunia."

Kalume akauliza jina la shangazi, akaliandika juu ya ukurasa wa utafiti: Hindu binti Mansur. Raihana akapiga simu Takaungu papo hapo, akamsomea.

"Hindu yupi?" aliuliza shangazi.

"Wewe, shangazi. Nisamehe."

"Na hao vijidudu, nimewaua?"

"Hujawaua. Umewanyamazisha."

Shangazi akapiga kigelegele, Raihana akaitenga simu na sikio. Kisha sauti ikarudi, ya chini, kama inayoona haya.

"Hebu nisomee tena hilo jina, mwanangu. Polepole."