Kinini ya Pili

Watu wa mutaa wetu wa Mikelenge walisema bibi yangu wa ndoa, Scholastique, amepata majivuno. Ukimupita upande wa kushoto, harudishe salamu. Na mimi Tambwe, muzee muzima, nikamugombeza mbele ya wageni. Kumbe upande ule hakuwa akiona kitu. Mupumbavu njo mimi.

Mambo yenyewe yalianza wakati wa vita. Muji wetu wa Kindu ulifungwa, treni hakuna, chumvi hakuna, dawa hakuna. Dada yake Bernadette alikuwa na tansio, presha ya damu ya kupanda. Tulizunguka muji muzima kumutafutia kinini, kidonge cha kuishusha, hata moja tukakosa. Akaanguka jikoni, mudomo umepinda, na siku ya tatu tukamuzika. Pale nikaapa kama Scholastique hatakosa dawa nikiwa hai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka juzi naye akakutwa na tansio. Wakamuandikia kinini moja kila asubuhi, na nilimupa kwa mukono wangu, hata chai haijachemka. Alinicheka, akaniita munganga asiye na koti. Kisha muuguzi wa macho akatuambia kama ndani ya macho pia presha imepanda, akamupa dawa ya matone. Chupa ikaisha, ingine haikupatikana, maana inangoja ndege ya Goma. Nikafikiri hivi: kama kinini moja inashusha damu, mbili zitashusha na macho. Sikuuliza mutu. Nikaanza kumupa ya pili jioni, nikamudanganya kama wameongeza wenyewe, ni ya macho.

Kila Jumamosi walimupima tansio parokiani: kumi kwa sita, imeshuka kabisa. Nilifurahi, nikawatangazia majirani. Akisimama anapepesuka, nasema dawa inafanya kazi.

Mwezi uliopita munganga wa macho akapita Kindu. Alimupima kwa muda murefu, akamuomba atungoje inje, akaniuliza anameza kinini ngapi. Nikajibu mbili, kifua mbele.

"Papa Tambwe," akaniambia polepole, "dawa ya damu haichukue nafasi ya matone. Presha ya jicho ilibaki juu, na wewe ukashusha damu chini sana. Damu ikakosa nguvu ya kufika kwenye mushipa wa kuonea. Ule mushipa umekufa. Haurudie."

Tulirudi nimemushika mukono, nikiitikia salamu za watu kwa niaba yake. Akauliza munganga amesema nini. Nikajibu ni uzee tu. Nina haya, Mungu anajua.

Sasa hata mwanga wa mulango haoni. Jioni anakaa kwenye kiti chake, anafungua kiganja, anangoja. Jana tena sikuweka kitu.

"Zimekosekana, kama wakati wa vita?" akauliza.

"Zimekosekana."

Akafunga kiganja taratibu, akanipapasa goti.

"Usichoke kutafuta, papa. Bila ile ya pili nitaona namna gani?"