Lori Moja la Kuni Mbichi

Mabinti zangu, na ninyi wote mnaotaka biashara zenu ndogo zinenepe upesi, nawaeleza habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kuni. Miaka kumi na moja aliuza kuni uani kwake, tangu mumewe alipofariki na binti yake wa pekee kuolewa mbali. Nyumba ilikuwa kimya hata akazoea kuibishia hodi akirudi sokoni, kisha anajijibu mwenyewe, "Karibu."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akija kukaa naye, mpasua kuni wa mtaani aliyeitwa Shoka. Kila Jumamosi alimletea toroli la kuni, na kabla ya kushusha alichukua vipande viwili akavigonganisha. Vikilia ka! anacheka. "Umesikia, dada? Hizi zinawaka kabla hujashika kiberiti." Halafu anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai vikombe vitatu na kupiga chumvi juu ya ujana wake.

"Kaka, sukari yangu unaimaliza, maneno yako huyamalizi," Mama Kuni humwambia. Lakini kila Ijumaa alihakikisha sukari ipo.

Basi muoka mikate, mteja wake mkubwa, akamwambia anataka kuni mara tatu ya zile za kawaida, kila wiki. Mama Kuni akapiga hesabu. Kwa bei ya Shoka, faida ilikuwa ya kulamba tu. Mwenye lori mmoja anayezitoa msituni alitaja nusu ya bei hiyo. "Kumbe huyu ananinyonya miaka yote, tena akiwa amekaa kwenye kigoda changu!"

Akaenda ofisi ya mikopo. Dada wa mezani akamuuliza mpango wake.

"Mzigo ukishuka, unaanza kuuza lini?"

"Siku hiyohiyo."

"Una uhakika, mama?"

"Mwanangu, nimeuza kuni tangu wewe hujaota meno."

Dada akaandika: marejesho kuanzia wiki ya pili. Dhamana ikawa kitanda, kabati, na cherehani ya marehemu mumewe. Mama Kuni akatia sahihi bila kumpigia binti yake, maana alijua atakatazwa.

Jumamosi Shoka alimkuta amesimama mlangoni.

"Kaka, nimepata pengine pa kuchukua. Usijisumbue tena."

"Zimekauka?"

"Kuni ni kuni, kaka."

Shoka akakitazama kigoda, akageuza toroli. Siku hiyo hakugonganisha kitu.

Lori likaja, likajaza ua mpaka dirishani. Mama Kuni alifurahi hata akasahau kula. Akapeleka mzigo wa kwanza kwa muoka mikate, na kesho yake mchana yule bwana akaja mwenyewe, macho mekundu, kashika mkate uliokuwa mweusi nje na mbichi ndani.

"Mama, umeniuzia kuni au umeniuzia moshi?"

"Zitakauka, baba."

"Lini?"

Mama Kuni akageuka kuzitazama zile zilizojaa ua. Miaka kumi na moja hakuwahi kungoja kuni ikauke. Aliyekuwa akingoja ni Shoka, miezi minne, mitano, chini ya mabati yake, ndipo apakie toroli. Ile bei aliyoiita unyonyaji ilikuwa bei ya kungoja.

Akazianika, akazigeuza, akazipasua ndogondogo mpaka viganja vikachubuka. Kuni hazina haraka na mtu. Wiki ya pili alilipa kwa akiba, wiki ya tatu kwa pesa ya chakula. Wiki ya sita ikaja pikapu ya ofisi ya mikopo. Walipobeba cherehani akasema, "Ngojeni kidogo," akavuta mtoto wa meza ya cherehani akatoa futi ya kupimia nguo ya mumewe. Hiyo hawakuidai.

Jumapili binti akapiga simu. "Biashara inaendeleaje, mama?"

"Inakua, mwanangu. Ua umejaa."

Wala hakudanganya. Akakata simu, akarudi kukaa kwenye mkeka, pale kilipokuwa kitanda.

Ndiyo maana nawaambia, kabla hujachukua pesa ya mtu, jiulize mzigo wako unataka kungojewa muda gani, na ni nani aliyekuwa akikungojea bila wewe kujua.

Mwezi wa tano tangu lori lije, asubuhi ya Jumamosi, Mama Kuni aliona kuni zimepasuka nyufa vichwani. Akachukua vipande viwili, akavigonganisha.

Ka!

Akageuka akicheka, kuelekea kwenye kigoda. Juu yake palikuwa na vumbi tu. Nyuma ya ukuta akasikia gurudumu la toroli analolijua, linalia kwi, kwi, likielekea kwa muoka mikate. Akavuta pumzi aite "Kaka!" Lakini angeanzia wapi? Akasimama na vipande vyake mkononi mpaka gurudumu likaacha kusikika, kisha akaenda kubandika chai ya kikombe kimoja.