Bobari Tatu za Kinyozi

Kinyozi hakuwa na meza ya seremala. Hakuwa na jiliwa ya kubania ubao, hakuwa na nyundo ya mti, hakuwa na mwalimu, wala ndugu aliyewahi kuchonga hata mwiko. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja; wa pili ulikuwa uzi. Na tangu jengo alimofanyia kazi lilipouzwa na viti vyake kutolewa nje, hakuwa na kichwa cha kunyoa.

Alikuwa na tangazo alilokata gazetini. Karakana ya milango ya nakshi ilitafuta wanagenzi watano, umri wowote. Kila mwombaji apeleke kwa posta ubao aliouchonga mwenyewe, pamoja na barua ya kueleza zana alizotumia, mtindo aliouchagua, na sababu zake. Mwisho wa kutuma ni tarehe thelathini.

"Miaka hamsini na miwili, unataka kuwa mwanagenzi," mkewe alisema.

"Wameandika umri wowote."

"Hiyo ni adabu tu, baba watoto. Hata mgeni huambiwa karibu tule."

Hata hivyo ndiye aliyeondoa vyombo mezani ili mumewe apate pa kufanyia kazi.

Zana alizitafuta kwa mzee aliyeuza vyuma vikuukuu kando ya barabara, ambaye watu walimwita Babu Kutu. Kinyozi alishika furushi zima la bobari, zile patasi zenye mdomo uliopinda. Zilikuwa kumi na mbili.

"Mjomba, una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi weka hizo chini."

Babu Kutu alichukua kipande cha sabuni, akakandamiza mdomo wa kila bobari juu yake. "Usitazame chuma, tazama alama yake." Wakachagua tatu: moja karibu bapa, ya kusawazisha, moja iliyoacha alama kama ya ukucha, ya kuzungushia majani, na moja yenye mdomo wa pembe, ya mistari.

"Nataka kuchonga ndege mzima," Kinyozi alisema.

"Ndege ataruka mwakani. Anza na mistari. Mkono ukitulia, chimba pembeni mwa jani mpaka lenyewe libaki limeinuka. Huo mtindo unatosha kukutoa jasho."

Wiki mbili alichora mistari kwenye mbao za makasha, kisha majani. Kila asubuhi alinoa bobari zake kwenye kinoo na kuzimalizia kwenye mkanda wa ngozi, mpaka ziliponyoa vinyweleo vya mkono wake. Zilipita kwenye mbao laini kama kwenye sabuni. Akajiona fundi.

Ndipo akaanza ubao wa kupeleka, mbao ngumu nyekundu. Jani liliinuka vizuri. Alipofika kwenye ncha alisikia mlio mdogo. Mdomo wa bobari ulikuwa umemeguka, na ncha ya jani imeondoka nao. Zilibaki siku nne, na ubao mwingine hakuwa nao.

Kinyozi alipompelekea ubao na bobari, Babu Kutu aliigeuza ile bobari kwenye mwanga. "Nani kakunolea?"

"Mimi mwenyewe."

"Umenoa wembe. Shavu halirudishi pigo, mjomba; mti mgumu hurudisha. Acha unene kidogo nyuma ya makali." Kisha akapitisha kidole juu ya jani. "Lakini hakuna nyuzi zilizochanika. Nani kakufundisha kufuata mkondo wa mbao?"

"Kila kichwa kina mlalo wake wa nywele. Ukienda kinyume, mteja anaruka kitini."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi nusu ya kazi umekuja nayo."

Nyumbani mkewe alichanganya unga wa mbao na gundi. Wakaziba pengo, wakasugua. Usingejua.

Siku mbili zilizofuata Kinyozi aliinoa upya ile bobari na kuchonga kikonyo cha jani; siku ya tatu akakaa kuandika. Alieleza bobari tatu na mtindo wa kuinua. Alipofika kwenye ile ya ukucha, kalamu ikasimama. Alitazama ubao muda mrefu, kisha akachukua msumari na kuanza kutoa gundi.

"Unafanya nini?"

"Wale wa karakana wananoa bobari kila siku. Nataka wajue nimejifunza nini."

"Na wakikukataa?"

"Watakuwa wamenikataa mimi, siyo gundi."

Mkewe aliinua taa. Akaishika karibu na ubao.

Akaandika: *Ncha ya jani ilimeguka kwa sababu nilinoa bobari kama wembe. Kwa siku mbili nimeinoa upya, nikiacha unene nyuma ya makali. Kikonyo cha jani nimekichonga baada ya hapo. Tafadhali linganisheni.*

Alikunja barua, akaisoma mara ya mwisho kwa sauti. Mkewe akasahihisha tarehe, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi ya ukingo wa bahasha na kuikandamiza kwa kiganja. Waliifunga pamoja na ubao kwa kamba.

Posta, karani aliweka furushi kwenye mizani. "Ndani kuna nini, baba?"

"Jani."

Karani akagonga muhuri, akalitupa kwenye gunia la safari ya mchana.