Mtini Uliofukuliwa Februari

Novemba iliyopita kaka yangu Saverio aliuzika mtini wake kwa mdomo. Miaka mingine yote aliuzika kwa mikono. Safari hii miguu ilishamkataa, basi tukamtolea kiti cha jikoni, akaketi pale uani na blanketi mapajani, akawa anatutukana sisi tuliokuwa tunafanya kazi. Tulikata mizizi ya upande mmoja kwa beleshi, tukafunga matawi kwa kamba, tukauinamisha mtini taratibu hadi ukalala ndani ya mtaro. Juu yake tukaweka mbao, zulia kuukuu, majani makavu, udongo, na mwisho turubai. Baridi ya Toronto haina huruma na mtini. Ukiuacha umesimama, Januari inaukausha hadi shinani. Kwa hiyo sisi tuliotoka Calabria, kusini mwa Italia, tunaulaza Novemba na kuusimamisha Aprili, na atakayekwambia kuna njia nyingine, huyo tini zake ananunua dukani.

Aliyevuta kamba alikuwa Duarte, jirani yetu wa uzio kwa uzio, Mreno mwenye mizabibu. Yeye na kaka ni watani tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi. Kaka humwambia divai yake ni siki iliyobatizwa, naye hujibu kwamba tini za Saverio hata ndege huzionja kwa adabu tu. Siku ile Duarte hakutania sana. Alivuta kamba polepole, na kila mara alimwangalia kaka kwa pembeni, kisha akarudisha macho kwenye mtaro.

Kabla ya Krismasi daktari akatuita ukumbini, mimi na wifi yangu Iolanda, akatuambia kwamba Saverio hataifikia Pasaka. Alisema kwa upole, lazima niseme ukweli, na alituuliza kama tunataka yeye mwenyewe amwambie mgonjwa. Iolanda akamdaka mkono kama mtu anayemzuia mtoto asishike moto. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa kwamba damu ni pungufu, kwamba ni baridi, kwamba ale supu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na wifi kama wangu. Tukakubaliana palepale tufunge midomo, na Duarte naye tukamfunga wake.

Tukamleta nyumbani. Kitanda chake tukakiweka chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama bustani, na bustani yenyewe wakati huo ilikuwa theluji tupu na tuta moja refu katikati, pale mtini ulipolala. Akawa anatazama tuta hilo kutwa. Ukimletea kahawa anakwambia, "Umelala vizuri. Theluji ni blanketi, usiiondoe." Mimi naitikia, naenda jikoni kulia, narudi.

Na mipango! Jamani, mtu yule alipanga. Mkulima wa bustani majira ya baridi hana kazi ila kutamani, na kaka yangu alitamani kwa sauti. Pakiti za mbegu alizitandaza juu ya shuka, akizipanga na kuzipangua. Nyanya mwaka huu zihame, ziende kule kwenye vitunguu saumu, maana mahali pake pa zamani udongo umechoka. Maharage ya kutambaa yapande uzio wa Duarte, yamzibie jua kidogo apate adabu. Mrehani uwe mwingi, kwa kuwa Iolanda huukata kama mbuzi. Pilipili alizisia mwenyewe kwenye makopo ya maziwa ya mgando, tukazipanga dirishani, na kila asubuhi aliinama kuzichungulia kama zimechomoza. Alinipa kazi ya kuzigeuza, ili zikichomoza zisiinamie upande mmoja wa mwanga. Nilizigeuza kwa bidii ambayo sijawahi kumfanyia mwanadamu.

Lakini yote yaliishia kwenye mtini. Kaka aliuleta mche wake kutoka kwa mama yetu, umefungwa kitambaa chenye maji ndani ya mfuko wa koti, na mama alifariki kabla hajaliona tunda lake la huku. Kila Aprili akiusimamisha alikuwa anauvua nguo moja moja, turubai, udongo, majani, zulia, mbao, na akiliona tawi la kwanza anavua kofia. Sasa akawa na neno moja alilolirudia mpaka likawa kama sala. "Mtini ukisimama tu, na mimi nitasimama." Alikuwa akisema hivyo huku anatucheka, lakini alikuwa analiamini. Niliona machoni mwake kwamba ameifunga roho yake kwenye Aprili, kama mtu aliyefunga mbuzi kwenye kigingi.

Iolanda ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Mimi nilijua nimwangalie kaka, sikujua kwamba nilipaswa kumwangalia na wifi.

Katikati ya Februari joto likaja. Hutokea hivyo huku, majira yanakudanganya kwa siku chache kisha yanakupiga kofi. Paa zikaanza kudondosha maji, theluji ikayeyuka ikabaki mabaka chini ya uzio, watu wakatoka na mashati. Redio ikasema baridi kali itarudi ndani ya siku mbili. Asubuhi hiyo Iolanda akanikuta jikoni nakata kitunguu, akaniambia Mungu ametupa dirisha, tuufukue mtini, kaka auone umesimama. Nikadhani anatania. Nikamwangalia, nikaona hatanii.

Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia machipukizi yakiguswa na barafu yanakufa, na shina likipigwa na ule upepo linapasuka, na mti wa mama yangu hautauawa na mtu asiyejua tofauti ya kitunguu na ua. Nilisema mengine pia ambayo mawifi huambiana. Yeye hakunijibu tusi hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa tu kwenye kiti, mikono mapajani.

"Usiku analia, Agata," akasema. "Anadhani nimelala. Anahesabu miezi kwa vidole, Machi, Aprili, halafu analia kwa furaha kwamba bado kidogo. Bado kidogo, anasema. Wewe huisikii hiyo. Mimi ndiye ninayelala pembeni yake."

Nikaweka kisu chini.

"Mti ufe," akasema. "Mti ni mti. Yeye auone."

Sasa mniambie, ningejibu nini. Nami ni dada yake wa tumbo moja. Nilikuwa nautamani ule uso wake wa Aprili kuliko tini za dunia nzima. Nikaenda kumwita Duarte.

Duarte alisikiliza akiwa mlangoni, akavua kofia, akaivaa tena. Alikuja na beleshi lake na kamba. Kaka alikuwa amelala kwa sababu ya dawa za asubuhi, Iolanda akavuta pazia, tukaanza. Udongo wa juu ulikuwa tope, wa chini bado mgumu, tukauvunja kwa shida. Zulia lilitoka limelowa na linanuka. Chini ya mbao mtini ulikuwa salama salimini, gamba lake jepesi, la kijivu, na ncha za matawi zina vijichomozi vya kijani vilivyokaza kama ngumi za mtoto mchanga. Duarte akajipigia ishara ya msalaba. Tukafunga kamba, tukavuta, mimi na yeye na Iolanda mwenye viatu vyake vya kanisani, mti ukalia kidogo kwenye mizizi, ukanyanyuka. Tukaushindilia udongo shinani kwa miguu. Ukasimama pale katikati ya matope na mabaka ya theluji, uchi, mzuri, umeinama kidogo upande kama ulivyo siku zote. Nililia, sitaficha. Tulilia wote watatu, na tulikuwa na furaha.

Iolanda akakimbia ndani, hata matope hakufuta. Mimi nikamfuata, Duarte akabaki nje kando ya mti, kashika shina kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake farasi. Iolanda akamwamsha kaka kwa kumbusu paji la uso, akamwinua kwenye mito, akafungua pazia.

Kaka akatazama.

Kwanza ulikuja ule uso. Naapa uliokuja ndio wenyewe, ule wa Aprili, na mkono wake ukapanda kichwani kutafuta kofia ambayo hakuwa ameivaa. Iolanda akapiga makofi kidogo, akasema majira yamewahi mwaka huu, Saverio, tazama, majira yamewahi. Kaka aliendelea kutazama. Nikaona macho yake yanatoka kwenye mtini, yanakwenda chini ya uzio ambako theluji ilikuwa bado, yanakwenda kwenye mizabibu ya Duarte iliyokuwa bado imefungwa magunia, yanarudi kwenye makopo ya pilipili pale dirishani ambayo hayakuwa yametoa hata jani. Mkono ukashuka taratibu juu ya shuka.

Hakumwuliza mkewe. Aligeuza kichwa akanitafuta mimi.

"Agata. Wewe umeshika kamba?"

Nikasema nimeshika.

"Iolanda mtini haujui," akasema. "Wewe unaujua. Wewe mti wa mama usingeusimamisha Februari hata kwa bunduki."

Kichwani nilikuwa na maneno ya damu pungufu, na ya supu, na ya redio kukosea. Miezi miwili tulikuwa tumefunga mlango huu kwa makufuli, daktari, padri, majirani, simu tunazopokelea bafuni, na leo tumekwenda kumsimamishia ukweli wenyewe katikati ya bustani, tena mahali anapotazama kutwa. Mkulima yeyote wa kwetu angeusoma. Mtini haufunguliwi Februari, ila kama mwenyewe Aprili hatakuwepo.

"Basi," akasema. "Nimeelewa."

Iolanda alikuwa bado hajaelewa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu likiwa bado usoni halijui liende wapi. Kisha likaanguka. Akaanza kusema hapana, hapana, Saverio, sivyo, na kaka akamshika kifundo cha mkono, akamnyamazisha kwa kumpapasa.

"Nitoe nje," akaniambia. "Na kiti. Baridi inarudi lini?"

Nikamwambia kesho usiku, labda mapema zaidi.

"Basi ulazeni leo."

Iolanda akamsihi autazame hata siku moja, hata mpaka jioni, wamehangaika kwa ajili yake. Akamjibu kwamba ameshautazama, ni mzuri, haujawahi kuwa mzuri hivi, na sasa ulazwe. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ile sauti ya kuamuru mambo ya bustani, ambayo katika nyumba ile haijawahi kupingwa na mtu.

Duarte akambeba. Alimbeba kutoka kitandani hadi uani kama bibi harusi, na njiani akajaribu utani, akamwambia Mwitaliano mzito huyu kalishwa mawe, lakini sauti ikamkatikia njiani, kaka akampigapiga mgongoni. Tukamkalisha kwenye kiti cha jikoni, tukamfunga mablanketi mpaka kidevuni. Aliomba kwanza asogezwe karibu. Akanyoosha mkono, akalishika tawi moja, akapitisha kidole gumba juu ya kichomozi cha kijani, mara moja tu, kwa wepesi wa mtu anayepapasa shavu la aliyelala. Kisha akalia. Alilia wazi, mdomo wazi, kama alivyolia tulipomzika baba, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Nilikuwa naitaka Aprili," akasema. "Mama yangu, nilikuwa naitaka kweli."

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya blanketi, akaanza kazi. Kamba ipite chini ya goti la tawi, siyo juu. Duarte asivute kama anavuta punda. Mimi nisimame upande wa mizizi, niisikilize, ikilia nipumzike. Mti ukainama, ukainama, ukalala. Tukarudisha mbao, tukarudisha zulia. Majani makavu yalikuwa yamelowa, kaka akasema hayafai yataoza, Duarte akaenda kuleta ya kwake aliyoyahifadhi kwa mizabibu, na safari hii hakuna aliyemtania.

Iolanda hakuwa amegusa beleshi. Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kanisani vilivyojaa matope, kisha akaja, akapiga magoti mbele ya kile kiti. Kaka akamwekea mkono kichwani.

"Haya," akamwambia. "Niambie daktari alisema nini. Yote. Usinipunguzie."

Akamwambia. Alianza na ule ukumbi wa hospitali, akamwambia neno kwa neno, na lipi aliloliuliza yeye na lipi aliloliogopa kuliuliza, na jinsi alivyokuwa akijifanya amelala usiku akimsikia anahesabu miezi. Alisema hadi pumzi zikamwisha, na kaka alimsikiliza, anaitikia kwa kichwa, vidole vyake kwenye nywele zake. Nilitamani kwenda kuwakumbatia wote wawili. Lakini upepo ulikuwa umegeuka, unatoka ziwani, na ulikuwa na meno. Basi mimi na Duarte tukashika mabeleshi, tukaendelea kufukia.