Kifuniko cha Bibi Hester

Léocadie alifundishwa usonara na baba yake kule Lubumbashi, lakini Johannesburg alisuka nywele miaka sita, mtaani Hillbrow, maana kila duka la vito alikobisha hodi walidhani amekuja kufagia. Mwaka 2017 mteja wake Falonne, aliyefanya usafi kwa bibi mmoja mzee huko Randburg, alimsikia bibi huyo akilalamika kwamba mafundi wa fedha wameisha.

"Yupo mmoja," Falonne akamwambia. "Ndiye anayenisuka."

Bibi huyo, Hester, alimwekea Léocadie mezani sinia la fedha la mwaka 1868, lenye vidau viwili vya wino vya kioo na nakshi ya majani ya mzabibu. Kidau kimoja hakikuwa na kifuniko chake cha fedha.

"Macho yananiishia," alisema. "Mafundi wawili wameniambia haiwezekani kutengeneza kingine."

Léocadie alikitazama kile kifuniko kilichobaki kwa kioo cha kukuzia. Hakuna jani lililofanana na lingine. Yote yalichongwa kwa mkono, na kwenye moja patasi ilikuwa imeteleza. Akacheka peke yake. Huyo fundi naye alichoka siku hiyo.

Chumbani kwake, mtaa wa La Rochelle, alianza kugonga bamba la fedha. Siku ya tatu likapasuka. Alikuwa na pupa, hakulirudisha motoni vya kutosha likalainika. Alikaa sakafuni akalia, akiamini miaka sita imemwibia mikono. Asubuhi akaliyeyusha, akaanza upya, na safari hii kila mzunguko wa nyundo aliufuatisha na moto, bila haraka. Ilimchukua wiki mbili.

Bibi Hester alivipapasa vifuniko vyote viwili, jani kwa jani.

"Kipya ni hiki," akasema hatimaye.

"Hapana, mama. Ni hicho kingine." Léocadie akakigeuza, akakiongoza kidole cha bibi ndani, alipochora herufi mbili za jina lake na mwaka. "Nimetia alama, asije mtu akakiuza kama cha zamani."

Bibi alizitafuta zile herufi kwa muda mrefu. "Mbona ndogo hivi? Unamficha nani?"

Bibi akamshika Léocadie mkono, akakaa nao hivyo, kisha akamwomba Falonne ampigie simu muuza vitu vya kale anayemfahamu.

Jumatatu iliyofuata Léocadie alipokea kutoka kwa muuzaji huyo birika la fedha lililovunjika kishikio. Jumamosi bado anasuka nywele.